Suruali ya Bluu

Mwanamume akikuogopa, mwenzangu, utajua tu. Mimi nilichelewa kujua kwa sababu nilikuwa nimeshapenda, na mtu aliyependa akiona hofu anadhani ni haya.

Yeye alikuwa fundi rangi, wa kupaka nyumba za watu ndani na nje. Mimi ni fundi cherehani, nina chumba changu kando ya barabara, pazia katikati, mbele wateja, nyuma meza ya pasi. Tukiongea ilikuwa vichekesho. "Fundi, umekula?" "Nimekula fundi, wewe je, fundi?" Wapita njia walicheka wakaenda zao. Sikuwajali, maana tangu dada yangu azikwe sikuwa nimesikia mtu akiniuliza kama nimekula.

Siku ya kwanza alipokuja nilikuwa nyuma ya pazia napiga pasi. Nikasikia hatua mlangoni, nikasema ninavyomwambia kila mtu, "Karibu ndani, mwenzangu, usisimame mlangoni." Hakuingia mtu. Nikatoka. Nikamkuta ameshika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, mfuko wake umeanguka, na macho yake hayako usoni kwangu, yako miguuni. Aliitazama miguu yangu mpaka na mimi nikaitazama, nikidhani nimekanyaga kitu. Kisha akaokota mfuko, akaweka suruali ya bluu mezani, akanong'ona kwamba ipunguzwe kiuno, akatoka kinyumenyume.

Kesho yake akarudi na pakiti ya biskuti. Nikamshukuru, nikaiweka pembeni. Akabaki amesimama. Nikakata uzi, nikapanga vitambaa, yeye amesimama tu. Mpaka nilipofungua nikala moja mbele yake, nikameza, ndipo akavuta kiti akakaa, akatabasamu kwa mara ya kwanza. Nikajisemea, kumbe bado wapo wanaume wanaojali kama mtu kala. Tazama nilivyokuwa mjinga.

Basi ikawa akitoka kazini anapita, kucha zina rangi, anakaa kwenye kile kiti ananitazama nikishona. Cherehani yangu ni ya kukanyaga kwa miguu, na ina kamlio kake, gurudumu likizunguka linalia kilio chembamba ambacho hakuna mafuta yaliyowahi kukinyamazisha. Mwanzoni alishtuka kila nikikanyaga. Baadaye akazoea, au nilidhani amezoea. Mkono wangu aliushika kwa ncha za vidole, akauachia haraka. Zaidi ya hapo, hakuna. Nilijiuliza kama ana mke mahali, nikamuuliza, akaapa hana. Na macho yake yalikuwa yananipenda, hilo sikulihitaji kuambiwa na mtu.

Kilichonisumbua ni ile suruali. Aliirudisha tena ipunguzwe, halafu tena. Upindo wake wa chini ulikuwa safi, hauna vumbi wala alama ya kiatu. Mtu analipa suruali ipunguzwe, haivai, halafu anairudisha ipunguzwe zaidi. Kila mara nilikunja kitambaa kwa ndani nikashona, sikukata hata kidogo. Ni tabia yangu, lakini kwa ile nilikuwa na sababu nyingine, sikutaka kuamini kwamba yule mwenye suruali hatarudi alivyokuwa.

Alhamisi moja mchana, mawingu mazito, umeme umekatika mtaa mzima, hakuna redio wala mashine ya kusaga. Barabara ilikuwa kimya mpaka nilisikia pumzi yake nikimzungushia futi kiunoni. Jumamosi ya wiki hiyo alitakiwa aje nyumbani kwa mama yangu kujitambulisha. Nilikuwa na furaha yangu, na ndani ya furaha kuna kitu kinanikwaruza.

"Umepungua tena," nikamwambia.

"Kazi za juani."

"Jua gani, na wewe unapaka vyumba?"

"Fundi, wewe shona tu."

"Nashona nini? Nikipunguza hapa tena, mfuko wa kulia utakutana na wa kushoto wasalimiane."

Hakucheka. Simu yake ililia mezani, karibu na mkasi. Nikaona rangi ya uso wake inaondoka, midomo kwanza, kisha mashavu. Hakuisogelea. Nikaitazama ile namba kwenye kioo, na mimi nikaiachia futi, maana namba ile naijua kama jina langu.

"Mbona hupokei?"

"Wamekosea namba."

"Hujapokea, umejuaje wamekosea?"

Nikaichukua nikaipokea mimi. Sijui nilipata wapi ujasiri huo, labda ni wivu. Nikaiweka sikioni, na kitu cha kwanza nilichosikia ni kile kilio chembamba cha cherehani yangu. Nikaigeukia cherehani. Gurudumu limetulia, mguu wangu uko sakafuni. Kisha ile sauti ikaja, laini, karibu kabisa na sikio. "Habari yako, mwenzangu. Ni mimi, wa kliniki. Najua unajisikia mzima, na ndiyo maana nakuita sasa..."

Akaninyang'anya simu akaikata. 

"Umemsikia nani?" akauliza.

"Nimemsikia dada yangu."

Akakaa chini taratibu, si kwenye kiti, sakafuni, mgongo ukutani. "Dada yako," akasema.

"Tumbo moja. Mimi namfuata."

"Huyo mwanamke amekufa, fundi. Nilikuwepo akizikwa. Nilisimama nyuma kabisa, karibu na ukuta. Wiki iliyofuata akanipigia simu. Na hajaacha."

Sasa ngoja nikueleze, usipotee. Dada alikuwa mshauri kwenye kliniki ya watu wanaoishi na virusi. Alifariki kwa ajali ya gari, mchana, akitoka sokoni, na mboga zake mkononi. Enzi hizo mtu akikutwa na virusi hapewi dawa papo hapo. Anapimwa damu, kinga za mwili zinahesabiwa, na zikiwa bado ziko juu anaambiwa aende nyumbani, arudi baada ya miezi apimwe tena, hivyo hivyo mpaka zishuke ndipo aanze dawa. Dada alikuwa akisema hapo katikati ndipo watu wanapopotea. "Anayemeza dawa ana sababu ya kurudi," alituambia mezani. "Huyu mzima ninampa nini? Nampa tarehe. Na tarehe haimshiki mtu."

Basi akabuni lake. Kabla mgonjwa hajainuka kwenye kiti anamuuliza, "Siku ukirudi, utavaa nini?" Mtu anacheka, anafikiri, anataja. Dada aliamini kwamba mtu akishataja nguo ameshajiona yuko njiani anakuja. Na kwa kuwa siri za watu alizifunga kifuani, nyumbani hakutaja jina la mtu hata siku moja. Alitaja nguo. "Leo Koti la Kahawia kaja na mkewe." "Gauni la Maua kaanza dawa, namshukuru Mungu." Mama na mimi tuliwajua hao kwa nguo zao, tukawaombea, tukawasubiri kama ndugu, na hatujui sura ya hata mmoja.

Sauti ile ya kuwaita wagonjwa kwa simu aliirekodi hapa hapa chumbani kwangu, kwa sababu kliniki kulikuwa na kelele za watoto. Mimi nilikuwa nashona. Ndiyo maana cherehani imo. Baada ya kuzikwa kwake, kliniki waliiacha hiyo sauti. Ukipiga namba yao jioni wakiwa wamefunga, anakupokea yeye. Mama huipiga kila siku kabla ya kula. Anaweka spika, anasikiliza, anasema "haya mama, usiku mwema," ndipo anapakua chakula. Kwetu ilikuwa faraja. Haikunijia hata mara moja kwamba sauti ile ile inaweza kuwa inalia kwenye mfuko wa mtu mwingine na kumkausha damu.

"Ni mashine tu," nikamwambia. "Kliniki wana mashine inayopigia watu. Wamesahau kubadilisha sauti."

"Mashine."

"Mashine. Si mzimu."

Akacheka kicheko kisicho na furaha. "Siku ile nilipokuja hapa uliposema nyuma ya pazia, karibu ndani mwenzangu, usisimame mlangoni... sauti yake, fundi. Neno lake. Na kile kilio cha cherehani. Nikajua nimefika alikokuwa ananiita."

"Ndiyo maana ulinitazama miguu?"

"Nilitaka kuona kama inagusa chini."

"Na biskuti?"

"Nilitaka kuona kama unameza."

Mwenzangu, sikujua nilie au nimpige na futi. Miezi yote ile nimeziweka zile biskuti moyoni kama ushahidi wa mapenzi. "Kwa hiyo umekuwa ukikaa hapa kila jioni ukidhani umekaa na maiti?"

"Mwanzoni. Nilidhani umetumwa. Halafu nikakupenda, nikasema hata kama katumwa, basi." Akainamisha kichwa. "Nina virusi. Ni yeye aliyenipa majibu. Alinishika mkono mpaka nikaacha kulia. Akaniambia kinga zangu bado ziko juu, niende, nirudi. Sikurudi. Nilikuwa naruka ngazi na ndoo mbili mkononi, ninarudi kufanya nini? Akaja kunitafuta kazini. Nilimwona kutoka juu. Nikashuka upande wa pili nikajificha nyuma ya madebe ya rangi. Alisimama pale chini, hakuuliza mtu, hakunitaja. Akasema tu kwa sauti ya kawaida, kama anaongea na ukuta, 'Mimi nipo, nakusubiri.' Akaondoka. Sikumwona tena mpaka siku ya mazishi."

Nje mawingu yalizidi kushuka, chumba kikawa na giza la mchana. Nilimtazama yule mtu sakafuni, mabega yaliyokuwa yanajaza shati sasa yananing'inia ndani yake, na hasira yangu ikachanganyika na huruma mpaka sikuitambua. Nikaelewa pia kwa nini mkono wangu aliushika kwa ncha za vidole.

"Na sasa unapungua."

"Wiki iliyopita nilishikwa na kizunguzungu juu ya ngazi. Nadhani ananivuta taratibu."

"Dada yangu hakuvuti popote," nikamwambia, na nilisikia sauti yangu ikikaza. "Hakuwahi kumla mtu akiwa hai, hataanza akiwa kaburini. Kinachokula unakijua jina. Sikiliza, fundi. Jumamosi njoo kwa mama kama tulivyosema. Jumatatu twende kliniki, mimi na wewe. Ukiruka moja, nyingine usijisumbue. Siwezi kukuzika. Nimeshazika mmoja, sina nguvu ya wa pili."

 Alichukua suruali yake mezani akaikunja vizuri, akaiweka kifuani, akatoka. Sikujua kama nitamwona tena, na usingizi ulinikataa mpaka Jumamosi.

Alikuja. Jua lilikuwa linazama, Mama keshafunika vyombo mezani. Alikuja peke yake, hana baba wala mjomba wa kumsemea, shati jeupe lililopigwa pasi na mtu asiyejua kupiga pasi, na chini amevaa ile suruali ya bluu. Sikuwa nimewahi kumwona ndani yake. Mkanda ulikuwa umeishika pale kitambaa kilipokusanyika.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu ukae." Mama alimtazama toka juu mpaka chini, macho yakabaki kwenye suruali kidogo, akaitazama meza. "Tutakula sasa hivi. Kwanza nimsalimie mwanangu."

Nilikuwa nimepanga kumzuia, nimeisahau kabisa ile saa. Kabla sijafungua mdomo ameshabonyeza simu na spika imefunguka. Kile kilio chembamba kikaingia sebuleni, kikazunguka kwenye kuta. "Habari yako, mwenzangu..."

Fundi Rangi alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake. Alikuwa anautazama mlango, na mimi nilijua akivuka kizingiti kile harudi, wala kwangu wala kliniki. Mama akakata simu.

"Una nini?"

"Mama, huyo... hunipigia mimi pia."

Akasema yote. Nilitegemea atatafuta njia ya kuzunguka, hakuzunguka. Virusi, madebe ya rangi, mazishi, simu anazokata. Mama alisikiliza mikono imelala mapajani. 

"Kwa hiyo kila mwanangu akikuita, unamkatia."

"Ndiyo, mama."

Mama akanigeukia mimi. "Huyu anamkatia simu mwanangu aliyekufa. Ndiye unataka akuoe wewe uliye hai?"

"Mama, anaogopa."

"Na mimi siogopi? Nazungumza na marehemu kila jioni mbele ya sufuria, unadhani siogopi? Ugonjwa si neno. Dada yako aliishi nao watu hao, akala nao, nami nimewapokea. Lakini mtu anayekimbia anayemtakia mema, huyo hata afya akipewa ataikimbia. Ukiumwa wewe, mwanangu, atajificha nyuma ya madebe."

Maneno yale yalimwingia. Niliona. Na yaliniingia mimi, kwa sababu nilikuwa nimeyawaza usiku kucha nikayakataa. Fundi Rangi aliinama akakiinua kile kiti, akakirudisha mezani, akabaki amekishika.

"Umewahi kumsikiliza mpaka mwisho?" Mama akamuuliza.

"Hapana."

"Kaa. Msikilize mpaka mwisho. Ukitoka kabla hajamaliza, usirudi hapa."

 Maneno ya mwisho mimi nayajua. Aliyeiweka ile sauti kwenye simu hakujua kukata mwishoni, akaacha na yasiyowahusu watu, na mimi mwenyewe nimo. "Mama, si lazima," nikasema.

"Ni lazima."

Akapiga tena. Fundi Rangi alikaa, akafumba macho. Nikauchukua mkono wake chini ya meza, na safari hii aliushika wote.

"Habari yako, mwenzangu. Ni mimi, wa kliniki. Najua unajisikia mzima, na ndiyo maana nakuita sasa. Usingoje kuumwa ndipo uje. Njoo nikuone ukiwa hivyo hivyo ulivyo. Na vaa ile nguo uliyoniambia. Nakusubiri."

Pakawa na kimya. Cherehani ikalia mara moja, ikasimama. Kisha sauti yangu, ya mtu asiyejua kama atafiwa, ikasema kwa mbali, "Dada, kwa hiyo sauti yako ya kubembeleza, kweli watakuja?"

Na Dada akacheka. Kicheko chake kile cha puani, cha kujiziba mdomo. "Wakija, vizuri. Wasipokuja nitawafuata."

Simu ikakatika yenyewe. Nilikuwa nimeukaza mkono wake nikingoja auvute. Hakuuvuta. Alikuwa amefumbua macho, na machozi yanashuka, na mdomo umepinda kama wa mtu anayetaka kucheka mahali pa msiba.

"Nilisahau kwamba alikuwa anacheka," akasema. "Siku ile ya majibu alicheka hivyo hivyo. Nilipomwambia nitavaa nini, alicheka."

"Ulimwambia utavaa nini?" Mama aliuliza polepole.

"Suruali yangu ya bluu, mama. Ndiyo nzuri niliyonayo. Kila nikisema kesho nakwenda, naijaribu, naona imenilegea, naona aibu, nampelekea fundi aipunguze. Nikiichukua, naogopa. Nasubiri tena, inalegea tena."

Mama aliweka mkono mdomoni. Mimi nilikuwa nimeishona suruali ile kwa mikono yangu mara zote hizo, nguo za bluu kwenye chumba cha fundi ni nyingi, sikuunganisha hata kidogo. Na mezani pale pale, kwenye kiti hicho hicho, Dada alikuwa amesema jioni nyingi za mwisho wake, akisukuma sahani, "Suruali ya Bluu hajaja. Yule kijana ananinyima raha."

"Wewe ndiye Suruali ya Bluu," Mama akasema.

"Mama?"

"Tumekuombea kwenye meza hii kabla hatujakujua. Mwanangu alikuwa hali chakula vizuri kwa ajili yako." Mama aliinuka, akamzunguka, na nikadhani anakwenda kumfungulia mlango. Alisimama nyuma yake akashika kiuno cha ile suruali kwa vidole viwili, akakivuta, akaona kinavyocheza. "Jumatatu unakwenda na huyu. Ukishatoka huko ndipo tutaongea habari za kuoa. Sasa kula."

Alikula. Mama alimwongeza bila kumuuliza.

Jumatatu tulifika mapema. Mlango wa kliniki ulikuwa wa kijani, rangi imebanduka chini, na nilimwona akiitazama kwa jicho la kazi, nikajua anatafuta kitu cha kufikiri. Kizingitini miguu ilimgoma. Nikatangulia mimi, nikageuka, nikamwambia, "Karibu ndani, mwenzangu, usisimame mlangoni." Yalinitoka tu. Akanitazama miguu, akatabasamu, akaingia.

Nesi wa pale alikuwa rafiki wa Dada, mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alimchukua damu, na mimi akanichukua, maana hakubali mtu akae benchi lake bure. Mimi nilikuwa salama. Tulisubiri mpaka mchana kwa majibu yake. Kinga zilikuwa zimeshuka, zimeshuka sana, lakini Nesi alisema bado kuna pa kusimama. Ataanza dawa. Akatueleza namna ya kuishi wawili, kwamba ndoa yetu inawezekana na hata watoto, tukifuata masharti na kurudi. Aliyasema wazi mpaka nikaona aibu na furaha kwa pamoja.

"Umewahi," akamwambia. "Ungengoja uanguke kwenye ngazi ingekuwa hadithi nyingine. Nani kakuleta?"

"Simu zenu," Fundi Rangi akasema. "Mlinipigia mpaka nikakoma."

"Simu zipi?"

"Za kuniita. Kwa sauti ya marehemu dada. Hata Alhamisi iliyopita mchana mmepiga."

Nesi akaweka kalamu chini. "Sisi hatupigi. Ile mashine ya kupigia watu ilikuwa ya mradi. Mradi ulipoisha waliing'oa wakaondoka nayo, dada yenu akiwa hai. Ndiyo maana alikuwa anawafuata watu kwa miguu." Akaonyesha simu kuukuu ya mezani, waya wake umefungwa kwa utepe wa gundi. "Sauti yake imebaki humo tu, kumpokea anayepiga tukiwa tumefunga. Hiyo yenyewe haiwezi kumpigia mtu. Tangu mvua zile kubwa inaingiza simu, haitoi."

 Fundi Rangi alitoa simu yake, akatafuta, akampa. Namba ilikuwepo, siku ipo, saa ipo. Nesi aliisoma, akaitazama ile simu ya mezani, akamrudishia simu yake upesi. "Labda mambo ya mitandao," akasema, bila kutuangalia. Kisha kabla hatujainuka akamuuliza mgonjwa wake, kwa sauti iliyobadilika kidogo, "Siku ukirudi, utavaa nini?"

"Hii hii," akajibu.

Jioni nilimkuta Mama jikoni anakata vitunguu. Nikamwambia habari ya damu, habari ya dawa, na alivyoahidi kurudi. Mama alisikiliza, akauliza kimoja tu.

"Ile suruali, kitambaa ulikikata?"

"Sikukata. Nimekunja kwa ndani chote."

"Basi kitatosha akinenepa."

Nikasimama pale, sijui nianzeje. Mwisho nikamweleza yote aliyosema Nesi, mashine iliyong'olewa, waya mbovu, simu ya Alhamisi niliyoipokea kwa mkono wangu mwenyewe nikasikia cherehani yangu inalia na miguu yangu iko chini.  Mama hakuinua kichwa. Alikusanya vitunguu kwa kisu, akavitia kwenye sufuria, akajifuta macho kwa mgongo wa mkono.

"Si alisema atawafuata?" akasema. "Mlidhani anatania?"